Somo: Pikipiki ya Safari Ndefu ya Watu Wawili



Somo letu safari hii ni la pikipiki. Hatukusudii kuzungumzia biashara ya boda boda, ingawa hapa Kampala hakuna awezaye kuikwepa kabisa. Tunamzungumzia mfanyakazi wa kiwanda kule Nakawa au Namanve, mkata miwa wa Lugazi, au mchuma chai wa Mityana, ambaye amejiwekea akiba kidogo kidogo na sasa anataka chombo chake mwenyewe. Siku za wiki kimfikishe kazini. Mwisho wa mwezi kimpeleke yeye na mwenzake wa nyumbani hadi kijijini kuwaona wazee.

Safari hiyo ya pili ndiyo inayotushughulisha leo. Kutoka Kampala hadi Jinja ni kilometa 80 hivi. Hadi Masaka ni 130 hivi, hadi Mbarara karibu 270, na hadi Fort Portal karibu 300. Msiba ukitokea, watu hawangoji nafasi katika basi. Wawili hupanda pikipiki alfajiri na kwenda, na kesho yake jioni hurudi kwa sababu zamu haingoji.

Anayekwenda dukani kununua pikipiki huuliza mambo matatu: bei, ulaji wa mafuta, na upatikanaji wa spea. Ni maswali ya haki na mtu mwenye akili hayaachi. Lakini muulizaji ni yule atakayeshika usukani. Yule atakayekaa nyuma saa tano haulizwi, na mara nyingi hata dukani hakuja. Basi tuanzie hapo: pikipiki ya watu wawili huchaguliwa na watu wawili, nao huichagua wakiwa wameikalia.

Starehe si anasa

Wapo wenzetu watakaosema kwamba starehe ni mambo ya matajiri, na kwamba mfanyakazi hutosheka na chombo kinachofika. Hatukubaliani nao. Kiwandani tumepigania viti kwa wanaofanya kazi ya kukaa, na muda wa kupumzika kwa wanaosimama, kwa kuwa mwili uliochoka hukosea, na mashine haisamehi. Barabarani ni vivyo hivyo. Abiria anayeumwa na nyonga hujigeuzageuza, na akijisogeza ghafla pikipiki nzima huyumba. Dereva ambaye mikono yake imekufa ganzi kwa mtetemo huchelewa kukamata breki. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, pikipiki hukata karibu meta 17 kila sekunde. Ukichelewa sekunde moja tu nyuma ya trekta la miwa pale Lugazi, meta hizo 17 huenda ndizo ulizokuwa ukizihitaji.

Mzigo unaozidi chombo

Tuchukue mfano wa hesabu. Dereva ana kilo 70. Mwenzake ana kilo 65. Wamebeba mkungu wa matoke, sukari, sabuni na nguo, jumla kilo 20. Mzigo wote ni kilo 155. Sasa pikipiki ndogo ya cc 100 yenyewe ina uzito wa kilo mia na kidogo tu. Maana yake ni kwamba waliopanda ni wazito kuliko walichokipanda. Gari halina taabu hiyo: lori likibeba mtu mmoja zaidi halijui.

Kwa hiyo mahali uzito unapokaa ni jambo kubwa. Itazame pikipiki kwa ubavuni. Dereva hukaa katikati ya magurudumu mawili. Abiria hukaa karibu na juu ya ekseli ya nyuma, na akisukumwa nyuma zaidi na kiti kifupi, au mzigo ukifungwa kwenye kerea nyuma yake, uzito huo huning'inia nje ya gurudumu. Gurudumu la mbele huwa jepesi. Usukani hucheza kama wa baiskeli iliyobeba magunia ya mkaa, na breki ya mbele, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi, hukosa mahali pa kushika. Chagua pikipiki ndefu kati ya gurudumu na gurudumu, yenye kiti ambacho abiria anaweza kukaa mbele ya ekseli au juu yake, si nyuma yake. Mzigo mzito ukae chini na karibu na watu, si juu ya kerea.

Kiti

Hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa ndipo taabu nyingi zinapoanzia.

Jina la boda boda lilizaliwa mpakani, upande wa Busia, miaka ya 1960, wakati vijana wa baiskeli walipokuwa wakivusha watu kati ya Uganda na Kenya. Pikipiki ziliingia kazi hiyo kwa wingi baadaye, miaka ya 1990. Baiskeli zile zilikuwa na jambo moja la kusifiwa: juu ya kerea mwenye baiskeli alifunga mto mnene uliovikwa ngozi ya plastiki, na mto huo ulikuwa wa abiria. Mwenyewe alikalia kiti chembamba cha kawaida. Alijua ni nani anayelipa.

Kiti kizuri cha safari ni kirefu, kipana na bapa. Kiti kilichoinuka nyuma kama mkia wa jogoo hupendeza dirishani, lakini humtelezesha abiria mbele kila breki inaposhikwa, akamlalia dereva mgongoni mpaka wote wawili wakachoka. Kibonyeze kiti kwa dole gumba, kwa nguvu. Dole likizama hadi kugusa bati, sponji hiyo ni laini mno; itakufurahisha hadi Mukono na kukutesa hadi Jinja. Sponji ngumu kiasi ndiyo inayodumu. Ikiwa pikipiki yenyewe ni nzuri na kiti ni kibaya, hilo halina neno. Mafundi wa viti wa Kampala, wale wanaoshona vya magari na vya pikipiki, wanaweza kukitandika upya kwa sponji nzito kwa fedha kidogo kuliko kubadili pikipiki. Waambie wasikiinue sana: miguu yote miwili ya dereva lazima ikanyage chini vizuri akiwa amebeba mtu.

Baada ya kiti, tazama vikanyagio vya abiria. Watu wengi hawavitazami. Kwa pikipiki nyingine vimefungwa kwenye fremu yenyewe. Kwa nyingine vimefungwa kwenye ule uma wa nyuma unaoshika gurudumu, ambao hupanda na kushuka pamoja nalo. Miguu ikikaa kwenye uma, kila shimo la barabara humpiga abiria nyayoni na gotini, hata kama springi ni nzuri namna gani. Kwa kilometa 10 hasikii. Kwa kilometa 130 hushuka akichechemea. Ukipata vilivyofungwa kwenye fremu, hiyo ni alama kubwa ya kuipenda pikipiki hiyo. Kisha abiria apandishe miguu yake: magoti yasikunjike hadi karibu na kifua, na ndama ya mguu isiguse ekzosi. Kama hakuna bati la kukinga joto, lidai. Na kuwe na mahali pa kushika, chuma imara kandoni au nyuma ya kiti, kisichochezacheza.

Jambo jingine ni la akina mama, na tunalisema kwa heshima. Wengi hukaa upande, hasa wanapovaa gomesi. Kwa mwendo wa kutoka steji hadi sokoni tumelizoea. Kwa safari ndefu halifai. Anayekaa upande ana kikanyagio kimoja tu, uti wa mgongo wake umepindika njia nzima, na uzito wake wote umeegemea upande mmoja, hata dereva hulazimika kushindana na usukani. Mama na avae suruali au nguo pana, akae kwa kutanua miguu, na gomesi liwe katika mfuko; atalivaa akifika kabla ya kuingia uani kwa wakwe. Heshima yake haipungui hata nukta.

Springi na injini

Shokamzoba za nyuma nyingi zina pete yenye ngazi, mara nyingi tano, ambazo fundi huzizungusha kwa spana ya ndoano. Ngazi ya chini ni ya mtu mmoja, za juu ni za watu wawili. Ni wengi waliopanda pikipiki miaka mitatu bila kujua kwamba pete hiyo huzunguka. Ukiwa dukani, kaeni wawili kisha mruke kidogo kwenye kiti. Springi ikigonga mwisho kwa kishindo hata ngazi ikiwa juu kabisa, chombo hicho hakikuumbwa kwa ajili yenu. Pikipiki za Bajaj Boxer zinazoonekana kila kona ya Kampala hutangazwa kuwa na springi ndani ya springi. Wazo ni zuri, maana moja hushughulika na vishimo vidogo na nyingine huingia mzigo ukizidi. Lakini hata hizo huchakaa, na ukinunua iliyokwisha tumika, tazama kama shokamzoba zinavuja mafuta.

Injini sasa. Mjini, cc 100 inatosha, na wanaoendesha boda boda wana sababu nzuri ya kuipenda: hula mafuta kidogo. Kwa safari ndefu ya watu wawili sisi twaona ni ndogo. Siyo kwamba haifiki, inafika. Lakini ili itembee kilometa 60 kwa saa ikiwa na kilo 155 mgongoni, lazima izunguke kwa nguvu zake karibu zote, na injini hizi zina silinda moja, ambayo kadiri inavyozunguka haraka ndivyo inavyotetemeka. Mtetemo huo ndio unaoua ganzi mikono na makalio. Kwenye vilima vya magharibi utarudi gia mara kwa mara, na lori linalokufuata halitakuwa na subira. Pikipiki ya cc 125 au 150, kama zilivyo Boxer na TVS kubwa, hufanya kazi hiyo hiyo kwa utulivu. Mafuta huongezeka, lakini si kwa kutisha: pikipiki za namna hizi hula kama lita mbili hadi tatu kwa kilometa 100. Tofauti ya kwenda na kurudi Jinja haizidi bei ya chakula cha mchana.

Kuna pia pikipiki za nyika, zile ndefu ambazo mabwana shamba na maofisa wa miradi wamezipanda miaka mingi, kama Yamaha DT na Honda XL. Kwa njia ya matope hazina mshindani, na springi zao ni laini sana. Lakini kiti ni chembamba, tena kiko juu. Abiria hupanda kama apandaye ngamia. Kwa mtu mmoja tungezisifu. Kwa wawili, hapana, isipokuwa kijiji chenu kiko mahali ambapo pikipiki nyingine haifiki.

Na wale wanaotazama picha za pikipiki kubwa za ng'ambo wajue jambo moja. Honda ya Japani ilitoa Gold Wing mwaka 1975, ikawa mashuhuri Marekani kwa safari za watu wawili, na baadaye ikawekewa kiti cha abiria chenye egemeo kama sofa. Ile ya kwanza tu ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 250. Ikilala ubavu kwenye matope ya njia ya shamba, utaita kijiji kizima kuinyanyua. Kilichofaa kujifunza kwao ni kwamba waliposanifu walimkumbuka mtu wa nyuma.

Pikipiki za umeme nazo zimeingia Kampala. Hazina mtetemo wa injini wala moshi, na abiria huzipenda. Kabla ya kuichukulia safari ya mbali, uliza utabadilisha betri wapi, mji kwa mji, mpaka mwisho wa njia. Kama muuzaji anajibu kwa mkono tu akielekeza hewani, ibaki ya mjini.

Ijaribu kabla ya kulipa

Usitoe fedha siku ya kwanza. Nendeni wawili dukani, mvae nguo za safari, mkae juu ya pikipiki robo saa nzima bila kushuka. Muuzaji atacheka, mwacheni acheke. Kisha mtafute mwenzenu wa kazini mwenye aina hiyo hiyo, mumwombe awaendeshe, au mkiwa na kibali cha udereva mwende wenyewe hadi Mukono na kurudi. Abiria ndiye atakayetoa taarifa: ni wapi palipouma kwanza, na baada ya dakika ngapi.

Ukishainunua, kumbuka kwamba haiji ikiwa tayari kwa watu wawili. Kitabu chake kitakuambia upepo wa matairi. Pikipiki nyingi za ukubwa huu hutaka kama 25 mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako, na 32 nyuma ukibeba mtu. Cheni hukazika abiria anapokaa, basi fundi aipime mkiwa mmekaa, si ikiwa imesimama kwenye stendi. Taa ya mbele nayo huelekea juu nyuma inapodidimia, ikawaumiza macho wanaokuja. Irekebisheni kabla giza halijaingia.

Njiani, shukeni kila baada ya saa moja. Njia zetu zenyewe zimejiwekea vituo. Anayekwenda Jinja ana Namawojjolo na Najjembe, penye kuku wa kuchoma na gonja. Wa Masaka ana Kayabwe, pale penye alama ya ikweta, na Lukaya baada ya kuvuka bwawa la Lwera ambako upepo hupiga ubavuni. Pale Lwera abiria asijitanue wala asifungue mwavuli. Na kumbukeni kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huwa mara nne. Kofia ngumu ni mbili, ya dereva na ya abiria. Kanuni za pikipiki za Uganda za mwaka 2004 zinadai hivyo, na abiria ni mmoja. Mshikaki wa mume, mke na watoto wawili tunauona kila Jumapili, na hakuna kiti wala springi iliyotengenezwa kuubeba.

Mkopo na fidia

Tuguse mambo mawili ya chama.

La kwanza ni mkopo. Pikipiki nyingi hununuliwa kwa malipo ya kila wiki. Usiulize tu kwamba kila wiki ni kiasi gani. Zidisha kwa idadi ya wiki zote, uongeze malipo ya mwanzo, kisha ulinganishe na bei ya taslimu. Mara nyingine utakuta umenunua pikipiki moja kwa bei inayokaribia mbili. Tena tumeona jinsi mambo yanavyokwenda: malipo yakibana, mfanyakazi hutoka zamu saa kumi na mbili jioni, akaifanya pikipiki boda boda hadi usiku wa manane, na asubuhi yuko tena kwenye mashine. Mtu wa namna hiyo akimbeba mwenzake kwenda Masaka Jumamosi, kiti kizuri hakitamsaidia. Mkiwa na chama cha kuweka na kukopa hapo kazini, anzieni huko.

La pili ni ajali. Sheria ya Uganda ya Fidia kwa Wafanyakazi, ya mwaka 2000, inaihesabu ajali impatayo mfanyakazi akiwa njiani moja kwa moja kwenda kazini au kutoka kazini kuwa ni ajali ya kazi. Mwajiri hawezi kusema tu kwamba ilitokea nje ya geti. Lakini ni juu ya mfanyakazi kuonyesha kwamba safari yake ilikuwa ya moja kwa moja. Kwa hiyo ukimbeba mfanyakazi mwenzako na mkaanguka, nyote wawili mnahusika: wekeni majina ya waliowaona, saa ya kutoka zamu, na taarifa ya polisi, na mwajiri aarifiwe mapema kwa maandishi kupitia tawi. Mkipinda kwenda kwa fundi cherehani au baa, dai linakuwa gumu. Safari ya kijijini ya mwisho wa mwezi haimo kabisa katika ulinzi huo.

Maswali ya kuzungumza katika tawi

Je, katika tawi lenu ni wangapi huja kazini wakiwa wamebebwa nyuma, na ni wangapi kati yao wana kofia ngumu yao wenyewe?

Pimeni mzigo wa pikipiki moja ya mwanachama siku ya kwenda nyumbani: watu na vitu. Je, unazidi uzito wa pikipiki yenyewe?

Itazameni nyuma ya pikipiki tatu zilizoegeshwa nje ya geti. Vikanyagio vya abiria vimefungwa kwenye fremu au kwenye uma? Muulizeni aliyekuja juu yake magoti yanasemaje.

Wanaotoka zamu ya usiku huko mashambani hurudi nyumbani kwa njia gani, na je, usafiri huo umewahi kuletwa mbele ya mwajiri katika mazungumzo ya mkataba?